Kutoka Nguo hadi Urithi: Lubugo na Historia ya Mavazi Yasiyotokana na Wanyama katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, kama mfano wa mavazi ya Afrika Mashariki yasiyotokana na mnyama. Ushahidi unatolewa katika mapokeo ya Buganda, maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 na msamiati wa lugha za ukanda huu. Hoja kuu ni kwamba lubugo halikutoka katika mavazi ya kila siku kwa udhaifu wake peke yake. Lilihamishwa pia kwa majina: likaondolewa katika fungu la nguo, likawekwa katika fungu la mazishi na ibada, na mwishowe katika fungu la urithi. Fungu hilo la mwisho lina athari katika sera za mavazi za leo.

Utangulizi

Mtu anayeamua leo kwamba kabatini mwake pasiwe na ngozi, sufu, hariri, manyoya wala gundi ya mifupa huhesabiwa katika miji ya Afrika Mashariki kuwa mfuasi wa mtindo wa kigeni. Dhana hiyo haikosi sababu. Chama cha watu wanaojiepusha na kila kitu kinachotokana na mnyama kiliundwa Uingereza mwaka 1944, na bidhaa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo ni ngozi bandia, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Mshauri wa sera anayeulizwa juu ya mavazi hayo hufikia upesi mahitimisho mawili: kwamba jambo lenyewe si la hapa, na kwamba njia yake pekee ni plastiki.

Mahitimisho hayo hayasimami mbele ya historia ya ukanda wa Maziwa Makuu. Kwa takriban karne nzima, kabla ya pamba kushika nafasi, watu wa Buganda walivaa, walijifunika usiku na walizikwa katika nguo iliyotoka kwenye mti uliosimama shambani mwao, kivulini mwake ikimea migomba. Hakuna ushahidi kwamba waliivaa kwa kumhurumia mnyama, na jambo hilo ni vema lisemwe mapema, kwa kuwa kishawishi cha kuwavika mababu itikadi za wajukuu ni kikubwa katika mijadala ya aina hii. Walivaa lubugo kwa sababu lilipatikana, liliamriwa, na lilikuwa zuri. Sababu hizo tatu zinatosha kulifanya jambo la kihistoria.

Swali linaloongoza makala haya ni dogo. Je, mtu wa Buganda wa miaka ya 1860 angeweza kuvaa kuanzia bega hadi unyayo bila kitu chochote cha mnyama? Na kama aliweza, ni nini kilichotokea hata mjukuu wake asilione lubugo kuwa nguo?

Ngozi iliyojificha katika neno nguo

Wanaisimu linganishi huliweka neno la Kiswahili nguo katika ukoo mmoja na maneno ya lugha nyingine za Kibantu, likiwamo ingubo la Kizulu. Katika Kizulu cha karne ya 19, ingubo lilitaja vazi la ngozi la kujitanda, likataja pia blanketi, na hatimaye nguo ya aina yoyote. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema nguo ya pamba hahisi ukinzani wowote katika usemi huo, wala hapaswi kuuhisi. Lakini mfano huo unafundisha kitu kuhusu tabia ya istilahi za mavazi katika lugha zetu: jina hufuata kazi ya kitu mwilini, si malighafi yake. Kinachostiri ndicho nguo. Malighafi inapobadilika, jina hubaki na kuhamia kwenye kitu kipya.

Nchini Rwanda na Burundi tabia hiyo hiyo inaonekana upande wa miti. Katika Kinyarwanda, impuzu ni nguo ya gome inayotokana na mti wa umuvumu, ambao ni wa jamii moja na mutuba. Nguo za kawaida huitwa imyenda. Katika Kirundi, ambacho wazungumzaji wake husikilizana na Wanyarwanda pasipo mkalimani, impuzu ni nguo yoyote ile. Lugha mbili ndugu zimepokea neno moja. Moja imeliacha na maana ya gome, nyingine imelipanua hadi likafunika kabati zima. Kwa mtafiti wa historia, upanuzi huo ni ushahidi wenye uzito kuliko kumbukumbu nyingi zilizoandikwa. Neno la malighafi moja haliwi jina la mavazi yote isipokuwa malighafi hiyo iliwahi kuwa ndiyo ya kawaida.

Luganda kinatenganisha vitu vilivyo wazi: eddiba ni ngozi ya mnyama, olubugo ni nguo ya gome, engoye ni mavazi kwa jumla. Tofauti hiyo ya maneno ina historia yake ya kisiasa.

Amri ya Kabaka

Mapokeo ya Buganda, yaliyokusanywa na Apolo Kaggwa katika kitabu chake cha wafalme cha mwaka 1901 na kurudiwa na mmisionari John Roscoe mwaka 1911, yanaeleza kwamba hapo kale watu wa kawaida walivaa ngozi, huku lubugo likijulikana zaidi katika nyumba ya kifalme. Anayetajwa kuligeuza kuwa vazi la umma ni Kabaka Ssemakookiro, aliyetawala kuelekea mwisho wa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Inasemekana aliwaamuru watu wapande miti ya mutuba na wavae lubugo, na asiyetii alitozwa.

Mapokeo ya aina hii hupenda kumpa mfalme mmoja kazi iliyofanywa na vizazi kadhaa. Hata hivyo, kiini chake kinakubalika. Buganda ilikuwa nchi ya migomba na mvua mbili kwa mwaka, yenye watu wengi na malisho machache kuliko majirani wake wa magharibi. Huko Nkore, Wahima walivaa ngozi za ng'ombe walizozilainisha kwa siagi, na ngozi hiyo ilitangaza utajiri wa mvaaji. Mkulima wa Buganda hakuwa na ng'ombe wa kumvika mke, watoto na wazee. Mti aliokuwa nao ungeweza kubanduliwa gome, ukapona, ukabanduliwa tena. Amri ya Ssemakookiro, iwe ilitolewa kwa siku moja au kwa miaka hamsini, iliipa nchi nguo isiyohitaji kuchinja.

Mutuba ukaingia hadi katika mpangilio wa jamii. Ngazi mojawapo ya ukoo wa Kiganda, chini ya ssiga, huitwa mutuba. Na machifu wa gombolola kadhaa walipewa cheo cha Mutuba pamoja na namba. Mti uliowavika watu ulitumika pia kuwapanga.

Kazi ya ekkomagiro

Namna lubugo linavyotengenezwa inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo inapoonekana kwamba hiki ni kitambaa kwa maana kamili, ingawa hakina mtande wala mshindio. Gome la ndani la mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, huvunwa majira ya mvua. Fundi hukwangua kwanza ganda la nje, akapasua gome kwa wima, akalibandua lote kwa kipande kimoja. Shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na baada ya muda gome jipya huota. Mti mmoja huvunwa hivyo kwa miaka mingi, na gome la awali ndilo duni. Mavuno yanayofuata huwa laini zaidi.

Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa mvuke au moto, kisha hupelekwa ekkomagiro, banda lililo wazi pande zote lakini lenye paa, lisilopitisha jua la kukausha upesi. Humo omukomazi hulaza gome juu ya gogo na kuliponda kwa saa nyingi kwa nyundo za mti ziitwazo ensaamu. Nyundo hizo zina mistari iliyochongwa usoni, na fundi huanza na yenye mistari mipana, akaendelea hadi kwenye mistari myembamba kabisa. Kila pigo hutanua nyuzi, na gome hupanuka mara kadhaa ya upana wake wa mwanzo. Likianikwa juani hubadilika rangi na kuwa jekundu la udongo wa kuchoma. Nguo za Kabaka na wakuu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Kazi hiyo iliongozwa na ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, chini ya mkuu wa urithi mwenye cheo cha kaboggoza. Kuna jambo la kupendeza hapa, ingawa halipaswi kutiwa uzito kupita kiasi: ukoo uliowapa watu nguo isiyo na mnyama hutambulikana kwa jina la mnyama ambaye wenyewe ni mwiko kumla.

Zana za Buganda zilikuwa za mti tupu. Haikuwa hivyo kila mahali. Katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, gome lilipondwa pia kwa nyundo za pembe za ndovu, na baadhi ya nyundo hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Nguo yenyewe ilitoka mtini, lakini kilichoilainisha kilitoka kwa ndovu. Anayetaka kabati lisilo na mnyama hata katika zana atakuta kwamba historia haimpi mpaka ulionyooka.

Barazani, mwaka 1862

Februari 1862 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika katika baraza la Kabaka Mutesa I. Katika kitabu alichochapisha mwaka uliofuata aliyaeleza mavazi ya baraza kwa makini yasiyo ya kawaida kwake. Kila mtu alivaa nguo ya gome iliyofungwa vizuri begani. Kuifunga ovyo, au hata kuonyesha mguu mtupu wakati wa kuchuchumaa, kulikuwa kosa lililoadhibiwa vikali. Juu ya nguo hiyo wakuu walitupia majoho ya ngozi za paa wadogo, zilizoshonwa pamoja kwa ustadi ambao Speke aliulinganisha na wa mafundi wa glovu wa kwao.

Hapa ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Mtu wa kawaida aliweza kuvaa bila chochote cha mnyama: lubugo mwilini, mkanda wa lubugo kiunoni kwa wanawake, lubugo kitandani, na miguu mitupu. Kadiri alivyopanda cheo ndivyo mnyama alivyorudi: joho la ngozi za paa begani, viatu vya ngozi miguuni, ngozi ya chui chini ya miguu ya mfalme. Vazi lisilo na mnyama lilikuwa la wote. Mnyama aliongezwa ili kuonyesha daraja. Mpangilio huu ni kinyume kabisa na ule wa leo, ambapo anayejivunia kuepuka ngozi mara nyingi ni mtu mwenye nafasi ya kuchagua.

Speke aliiandika nguo hiyo kwa jina la mbugu. Jina hilo lina historia fupi inayotuhusu. Katika Luganda wingi wa olubugo ni embugo. Mkalimani mkuu wa Speke, Sidi Mubarak Bombay, na wapagazi wengi wa msafara walizungumza Kiswahili, na inaelekea kwamba mbugu ni embugo iliyopita katika masikio na vinywa vyao. Kwa bahati, Kiswahili cha pwani kilikuwa tayari na mbugu, mmea utambaao ambao kamba yake hutumika kufungia. Neno la Luganda lilipofika kwa Mswahili lilikuta kiti chake kimekaliwa na kamba ya porini. Halikukaa. Kiswahili kiliendelea na maelezo, nguo ya gome la mti, wakati ambapo kwa vitambaa vya madukani kilikuwa na majina ya kila aina: merikani, kaniki, bafuta, debwani, kikoi, leso, kanga.

Merikani, kanzu na pamba

Majina hayo yalikuja na bidhaa zake. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na pamba isiyopaushwa iliyosafirishwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikaenea katika njia za misafara kwa jina la merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipunguza shehena hizo na kuwapa nafasi wafumaji wa Uingereza na India, lakini jina halikubadilika. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Buganda katika miaka ya 1840, enzi ya Kabaka Suuna II. Miongoni mwao anatajwa Ahmed bin Ibrahim.

Kitambaa kilipokelewa kwanza kama zawadi ya mfalme. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Mutesa na wakuu wake wamevaa kwa mtindo wa pwani. Luganda kikapokea kkanzu, kikooyi na leesu kutoka Kiswahili, na kwa njia hiyo Kiswahili, ambacho hakikuwa na neno moja la kulitaja lubugo, kikawa lugha ya kile kilicholiondoa.

Ni muhimu kutambua kilichobadilika na kisichobadilika. Pamba nayo ni mmea. Aliyeacha lubugo akavaa kanzu ya bafuta hakumrudisha mnyama mwilini. Alichopoteza ni uhuru wa aina nyingine: nguo ya kwanza aliipata shambani mwake, ya pili aliinunua. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia tatu. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda, ikiongozwa na Kristen Borup, ilileta mbegu za pamba na kuzigawa kupitia machifu. Mkulima akalima pamba ili alipe kodi, pamba ikasafirishwa nje, na kitambaa kikarudi kwa bei. Serikali ilimtaka mlipa kodi, kanisa lilimtaka mwongofu, na duka lilimtaka mnunuzi. Wote watatu walipendelea avae pamba.

Upande wa kanisa haupaswi kusahauliwa. Waganga na wapagawa wa lubaale walivaa lubugo katika ibada zao, na kadiri wasomaji wa Biblia na Kurani walivyojitambulisha kwa nguo nyeupe, ndivyo gome lilivyozidi kuonekana nguo ya mizimu. Katika shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905, inasimuliwa kwamba gauni la gomesi lilishonwa na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes kwa sababu lubugo lilikuwa likiwafunguka wasichana walipoinama bustanini. Simulizi hii husimuliwa kwa ucheshi, lakini ndani yake mna hukumu. Nguo ambayo miaka arobaini na tatu kabla ya hapo ilivaliwa kwa nidhamu ya kutisha barazani sasa inatajwa kuwa isiyostiri.

Haki ya historia inataka pia udhaifu wa lubugo usemwe. Halifuliki kama pamba. Maji mengi huliharibu. Huchanika kwa urahisi kufuata mkondo wa nyuzi. Lilihitaji siku za kazi ya fundi kwa kipande kimoja. Mama aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa na kila sababu ya kupendelea leso. Hoja ya makala haya si kwamba pamba ilishinda kwa hila tupu. Ni kwamba ushindi wake ulifuatwa na kazi ya majina, na kazi hiyo ndiyo inayodumu.

Nguo za wafu

Lubugo lililotoka mwilini mwa walio hai lilibaki kwa waliokufa. Maiti iliendelea kuvikwa gome, na majirani waliendelea kuleta vipande vya lubugo kwenye msiba. Vipande vilipoadimika, waliokuja walitoa fedha. Fedha hiyo ya rambirambi huitwa hadi leo mabugo, na hutolewa Kampala hata na watu ambao hawajawahi kugusa gome la mutuba. Neno limebaki msibani, nguo imeondoka.

Mara chache lilirudi mabegani mwa walio hai, na kila mara kwa sababu ya ufalme. Waingereza walipompeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni mwaka 1953, Waganda walivaa lubugo kama alama ya huzuni na upinzani. Baada ya katiba ya 1967 kufuta tawala za kifalme, mafundi walipoteza mteja wao mkuu. Mwaka 1993, kwa kutawazwa kwa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, walimpata tena. Katika makaburi ya wafalme ya Kasubi, pazia kubwa la lubugo lilitenganisha ulimwengu wa walio hai na msitu mtakatifu wa wafalme, hadi moto wa Machi 2010 ulipoteketeza jengo hilo. Mwaka 2005 UNESCO ililitangaza lubugo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 likaingizwa katika orodha wakilishi.

Kuna kejeli ya lugha ambayo mtafiti hawezi kuipita. Mitumba, ambayo Luganda huiita emivumba, kwa muda mrefu imebeba jina la kifo: Watanzania waliiita kafa Ulaya, na Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alipotaka uingizaji wake ukomeshwe alizitaja kuwa nguo za wafu wa kigeni. Mkazi wa Kampala anavaa kila siku kinachodhaniwa kuwa nguo ya maiti wa mbali, na nguo ya babu yake anaihifadhi kwa ajili ya maiti wa nyumbani.

Suala la viatu

Miguu ndiyo sehemu iliyosumbua kila aliyetaka kabati lisilo na mnyama. Katika Buganda ya kale suluhisho lilikuwa miguu mitupu, jibu ambalo mshauri wa afya hatalikubali. Pwani ilikuwa na mtalawanda, kiatu cha mti chenye kishikio cha vidole, kilichovaliwa hasa nyumbani na bafuni. Barabarani mwenye uwezo alivaa makubadhi ya ngozi.

Jibu la karne ya 20 lilitoka jalalani. Magurudumu ya magari yaliyochakaa yalikatwa yakawa kandambili nzito: katambuga Tanzania, akala Kenya, lugabire Uganda. Kila nchi ilikipa kiatu hicho jina lake, wala haikungoja chombo cha istilahi. Ni kiatu kisicho na ngozi, hudumu miaka, na kilivaliwa na wachungaji wa ng'ombe wenyewe, watu ambao ngozi haikuwa adimu kwao. Lakini hata hapa mpaka haunyooki. Asidi ya steariki inayotumika katika kutengeneza mpira wa magurudumu huweza kutoka katika mawese, na huweza kutoka katika shahamu ya mnyama. Aliyevaa katambuga hana njia ya kujua.

Jina na fungu

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua nguo na viatu vilivyotumika, ili viwanda vya ndani vikue. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ilijibu, na mwaka 2018 ikasitisha fursa ya Rwanda ya kuingiza mavazi bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kulegeza msimamo. Jumuiya ikaandaa mkakati mmoja wa pamba, nguo na mavazi, na mwingine wa ngozi na bidhaa za ngozi.

Mpangilio huo wa mikakati miwili una mantiki ya kiuchumi, lakini unaonyesha mahali lubugo lilipoangukia. Si pamba, wala si ngozi. Liko kwa wanaoshughulikia utamaduni, pamoja na ngoma na makaburi. Afisa wa viwanda halioni, kwa kuwa si kitambaa cha kufumwa. Afisa wa misitu huona gome. Afisa wa utamaduni huona urithi, na urithi hulindwa usibadilike, ilhali nguo huishi kwa kubadilika. Wakati huo huo waagizaji wanaleta ngozi bandia ya plastiki kuwahudumia wanunuzi wasiotaka ngozi, na bidhaa hiyo haina tatizo la fungu: huingia forodhani kama mkoba, kiatu au kitambaa.

Wapo waliolirudisha lubugo katika fungu la nguo bila kungoja sera. Mbunifu José Hendo, mwenye asili ya Uganda na anayefanya kazi London, amelitumia kwa miaka mingi kushona mavazi ya maonyesho. Katika eneo la Masaka mafundi wanaendelea kuponda, na sehemu ya kazi yao husafirishwa Ulaya kwa matumizi ya mapambo ya ndani na mikoba. Ili kuondoa udhaifu wa zamani, gome hubandikwa kitambaa upande wa nyuma au hupakwa tabaka la kinga. Hapo swali la mwanzo hurudi kwa sura mpya, kwa sababu tabaka hilo nalo mara nyingine ni plastiki.

Kazi inayowahusu wataalamu wa Kiswahili ni nyembamba lakini haikwepeki. Nyaraka za Jumuiya zinapoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, mtu atalazimika kuchagua. Akiandika gome la mti, amelipeleka lubugo msituni. Akiandika vazi la jadi, amelipeleka makumbusho. Akiandika lubugo, kwa sura yake ya Luganda, na kuliorodhesha chini ya vitambaa kama merikani ilivyowahi kuorodheshwa bila mtu kuuliza ilikuwa ya nani, mkulima wa mutuba anaweza kuomba mkopo, kipimo cha ubora na banda katika maonyesho ya viwanda kwa haki ile ile ya mkulima wa pamba.

Warundi hawakuhitaji mkutano kwa hilo. Kijana wa Bujumbura anayenunua sokoni shati la nailoni lililovaliwa kwanza Ulaya huliita impuzu, neno ambalo ng'ambo ya Akanyaru lingali ni gome la umuvumu.